Kanda ya Manjano ya Kambale

Ninyi vijana mnaobaki pale ofisini Kasese, mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Mlinipa kiti cha plastiki na vitenge viwili, mkapiga makofi, kisha mkasema, "Bibi, tuandikie." Haya, kaeni. Nitaandika kama ninavyosema, maana shule yangu iliishia darasa la nne kwa masista, na mengine niliyajulia kazini. Mshahara sitautaja, haukuwa wa kutajwa. Cheo sikuwa nacho. Nitaandika juu ya mashine, kwa sababu kila siku nawasikia mkilalamika kwamba kompyuta imegoma, na mkishaizima na kuiwasha tena mnajiona mmefanya kazi.

Nilianza miaka ya sitini, na sikuanzia kwenye mashine. Nilianzia kwenye kahawa. Ilishuka kutoka Kyarumba vichwani mwa watu, ikapakiwa lori, ikafika Kasese, na sisi wanawake tulikaa chini mistari mistari tukitenga mbovu na nzima. Siku moja mtu wa teleksi, Mgoa mmoja aliyeitwa Bwana Pinto, alikuja kutafuta wa kumsaidia. Yule wa zamani alikuwa amelewa mara moja zaidi ya alivyoruhusiwa. Pinto hakuuliza nani amesoma. Alisimama akitazama vidole vyetu muda mrefu mpaka tukaona haya, kisha akaninyooshea kidole.

"Wewe. Nawa mikono."

Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa.

Teleksi hamkuiona, kwa hiyo nitaeleza. Ni kama taipureta nzito, lakini badala ya kupeleka maneno moja kwa moja, unayatoboa kwanza kwenye kanda ya karatasi ya manjano, nyembamba kama utepe. Kila herufi ni safu yenye nafasi tano, na matundu yake ni kuanzia moja hadi manne. Kanda ikikamilika unaipitisha kwenye kisomeo, nayo maneno yanakimbia kwa waya hadi Kampala au Mombasa. Pinto alifunika herufi za mashine kwa kitambaa ili nisiziangalie. Kisha akanifundisha kusoma kanda kwa ncha ya kidole, bila kutazama, kama mtu anayechambua mchele huku anaongea.

Wiki ya kwanza nilikosea neno, nikashika mkasi nikate kipande kile. Pinto aliunyakua, akapanda juu ya kiti na kuuweka juu ya kabati ambako sikufika.

"Kanda haikatwi," alisema. "Ukikosea, rudisha safu moja nyuma, piga matundu yote matano juu ya kosa. Safu iliyotobolewa yote haisemi kitu. Mashine ya upande wa pili ikiiona, inaipita."

Hiyo ndiyo tuliita kufuta. Miaka yote niliyofanya kazi na Pinto, vidole vyangu vilifuta kabla kichwa hakijajua kwamba kimekosea. Na mkasi ulikaa juu ya kabati mpaka mwaka wa sabini na mbili, Wahindi na Wagoa walipoambiwa waondoke nchini. Asubuhi ya mwisho Pinto alipanda kiti, akaushusha, akaupangusa vumbi, akaniwekea mezani. Nje gari lilikuwa limejaa masanduku, na alikuwa akiogopa kizuizi cha Kikorongo, ambako askari walikuwa wakiwavua watu hata saa. Mkasi huo sijautumia hata leo.

Baada yake nilibaki peke yangu na ile mashine. Miaka iliyofuata kila ujumbe ulipaswa kuonyeshwa kwa askari kabla haujaenda. Wengine hawakujua kusoma, lakini walishika karatasi na kuitazama kwa hasira, nasi tulisubiri. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mashine inayolia kwenye chumba kilichofungwa huwapa askari mawazo. Mkumbuke hilo, maana yote yanayofuata yametoka hapo.

Kambale alikuja kwetu miaka ya mwisho ya sabini. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, mtu wa Butembo upande wa Kongo, kijana mwembamba wa miwani aliyesoma Ulaya mambo ya kompyuta. Kwao hakukuwa na kazi, na alikuwa amegombana na mkubwa mmoja kule, kwa hiyo akavuka akaja kukaa nami Kasese. Nyumba ilikuwa ya kampuni, vyumba viwili na umeme. Tulikuwa mimi, binti yangu Masika aliyekuwa ameanza kazi ya kushona, na mama mkwe aliyekwenda na kurudi kati ya kwake Bwera, karibu na mpaka, na kwangu, kulingana na nani amemuudhi.

Kambale alifungua sanduku lake, na ndani, chini ya mashati, kulikuwa na kisanduku cha bati chenye safu ya swichi na taa ndogo nyekundu mbele. Alikuwa amekinunua vipande vipande na kukiunga mwenyewe.

"Ni nini?" mama mkwe aliuliza.

"Ni kompyuta, Mama. Ya nyumbani."

"Wenzako wanatoka Ulaya na bibi, ao na koti ya baridi. Weye unaleta sanduku ya taa."

"Mama, hii iko na akili."

"Basi iende kisimani."

Kompyuta ile ilikuwa na akili lakini haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima, ilisahau yote. Ukiiwasha, haikujua hata kusoma. Tulianza kwa zile swichi, juu, chini, juu, juu, tukiingiza maagizo machache ya kuifundisha kusoma kanda. Kanda ndiyo ilileta mengine yote. Na hayo mengine ndiyo Kambale aliyaita systeme, nasi nyumbani tukasema sistemu.

Sistemu ni nini? Ninyi mnayo na hamuioni. Mashine tupu ni kama nyumba ambayo mama hayupo. Sufuria zimo, chumvi imo, lakini hakuna anayejua kipi kiko wapi, na watu wawili wanataka jiko kwa wakati mmoja. Sistemu ndiyo mama wa nyumba. Inaweka maandishi kwenye mafaili, inakumbuka kila faili liko wapi, inasema nani atangulie na nani angoje. Vijana mmeniambia ile ya Kambale ilikuwa ya ukoo wa Unix mnayofunzwa. Mimi jina hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba yeye na wenzake waliiandika kwa mashine kubwa ya chuoni, iliyojaza chumba kizima, naye alikuwa ameileta kwenye bunda la karatasi pana, akitaka kuihamishia kwenye kisanduku cha bati.

Kuhama huko hakukuwa mchezo. Mashine kubwa ilikuwa na lugha yake ya ndani na ndogo ilikuwa na yake, kwa hiyo alikaa mezani kwangu akibadilisha agizo kwa agizo. Halafu nafasi. Ilikuwa kama kuhamisha watu wa vyumba kumi waje kukaa chumba kimoja, kila mmoja ameshikilia godoro lake. Alikata hapa, akabana pale. Amri alizifanya herufi mbili mbili ili zisichukue nafasi. Sehemu ya kuwaketisha watu wengi pamoja aliiondoa, maana hapa angekaa mtu mmoja. Kisha akaondoa na ile iliyomtaka kila anayeketi aseme jina lake na neno la siri.

"Na kama amekaa mutu tusiyemjua?" nilimwuliza.

"Shemeji, mulango ya nyumba iko na kufuli. Mashine haina lazima ya kufuli ya pili."

Nilikubali. Mlango wangu nilikuwa nauamini.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa. Kwenye stoo ya ofisi kulikuwa na teleprinta kuukuu, mashine ya teleksi kama yangu, iliyokosa vipuri, meneja akaniambia niiondoe, inamlia nafasi, nikaipeleka nyumbani. Kambale aliifufua, akaiunga na kisanduku chake, ikawa kitoboleo, kisomeo na mdomo pamoja. Aligeuza maagizo yake yawe herufi kumi na sita tu, kuanzia A hadi P, mbilimbili, ukurasa baada ya ukurasa, bila neno hata moja la maana. Alisoma kwa sauti, mimi nikatoboa. BA, KO, PP, AC. Masika alisema tunafanana na watu wanaosali rozari ya wazimu. Tulifanya baada ya kazi, kabla ya giza, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku na kwa sababu teleprinta ililia kama shoka kwenye bati.

Na kelele hiyo ndiyo ilituletea mgeni. Vita ilikuwa imeanza kusini, askari walikuwa wakali kwa woga, na mtu wa jirani, sitamtaja, alikwenda kusema kwamba kwa yule mjane wa teleksi kuna Mkongo anayetuma habari.

Afande alikuja Jumanne alasiri na askari wawili. Hakupiga hodi. Alikuwa mtu mnene wa kutembea polepole, na polepole yake ndiyo iliyotutisha.

"Nani mwenyewe hapa?"

"Ni mimi, afande."

"Hii nini?"

"Ni mashine ya hesabu," Kambale alijibu.

"Mimi sikuuliza wewe. Wewe simama kule, mikono juu." Akaigonga mashine kwa fimbo. "Hii inalia kama redio. Inaongea na nani?"

"Haiongei na mtu, afande," nilisema. "Haina waya wa nje. Tazama."

Alitazama nyuma ya meza. Aliona waya mmoja tu wa umeme, na hilo halikumfurahisha. Akaokota kipande cha kanda, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama matundu.

"Siri," alisema.

"Ni programu, afande."

"Haya. Kama ni ya hesabu, ifanye hesabu."

Kambale hakuwa na la kufanya. Siku hiyo mashine haikujua lolote, sistemu ilikuwa bado vipande. Alijaribu kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Afande alitoa kitambulisho mfukoni mwa Kambale, akakitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Ijumaa narudi. Ikifanya kazi mbele yangu, ni mashine ya hesabu. Isipofanya, ni redio. Na wewe mama unajua mutu ya redio tunapeleka wapi."

Nilijua. Kasese yote ilijua. Kulikuwa na nyumba mbili mtaani kwetu ambazo baba alikuwa amepelekwa huko, na hakuna aliyewahi kuulizia mara ya pili.

Mama mkwe alimwambia Kambale avuke jioni hiyohiyo. Kambale alitikisa kichwa. Bila kitambulisho hata kizuizi cha kwanza asingepita, na akikimbia, sisi wanawake watatu ndio tungejibu. "Nitaimaliza," alisema. Kwa meneja niliomba ruhusa nikasema mama mkwe anaumwa, hivyo ikambidi mama mkwe alale kitandani mchana na kukohoa kila mtu wa ofisi alipopita. Alikohoa vizuri kuliko wagonjwa wa kweli.

Tulitoboa kutwa nzima. Kambale alisoma mpaka sauti ikakauka, Masika akampokea zamu. Jumatano jioni kanda yote ilikuwa tayari, imeviringwa kama boga. Alhamisi asubuhi tuliipitisha.

Mashine ilisoma, taa zikacheza vizuri, kisha zikasimama. Kimya. Tukaanza upya, swichi moja moja. Ilisimama tena palepale. Kambale alitafuta kosa kwenye karatasi zake, hakuliona. Akaruka kipande kile akajaribu kinachofuata. Kilikwenda kidogo, kikasimama. Kingine kikapita chote bila shida. Kingine kikafa mwanzoni.

"Shemeji, haiko na akili hii," alisema. "Kosa ya kweli inakalaka mahali moja. Hii inatembea."

"Vile vipande vifupi vya majaribio tulivyopitisha mwanzoni vilipita."

"Vile vyote vilipita. Njo kitu inaniua."

Hakula mchana. Alikaa ameshika kichwa, na nilimwona akitazama mlango, akipima. Mama mkwe alikuwa amesahau kukohoa. Niliogopa, lakini woga wangu hunifanya nigombe, kwa hiyo nikamgombeza: nikamwambia kama ana nguvu ya kutazama mlango, atazame na kanda.

Alinyanyuka. Safari hii kanda iliposimama hakuiondoa. Aliweka ukucha kwenye safu ileile iliyokuwa chini ya kisomeo, akaniita.

"Hii ni herufi gani?"

Nilipapasa kwa kidole. Matundu matano.

"Hiyo si herufi. Hapo nilifuta."

"Ulifuta nini?"

"Kosa. Ulisema KO, nikapiga KI, nikarudisha nyuma nikaifuta, nikapiga O."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba ina chumba kingine. "Unafutaka namna gani?"

"Kama tunavyofuta wote. Unatoboa yote matano. Mashine ikiona matano, inapita."

"Mashine gani inapita?"

"Ya upande wa pili. Ya Kampala, ya Mombasa. Zote."

"Na hii yangu, nani aliiambia ipite?"

"Sasa nani angeiambia kama si wewe?"

Tulitazamana. Kisha alicheka, akacheka mpaka akavua miwani, na mama mkwe akatoka chumbani kuona nani amerukwa na akili. Mimi sikujua mashine yake inasomaje, na yeye hakujua watu wa teleksi wanafutaje. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake kama alivyofunzwa. Mashine kila ilipokuta mahali nilipofuta, ilidhani ni neno, ikajaribu kulitii, na kupotea. Vipande vifupi vilipita kwa sababu humo sikuwa nimekosea. Kuitoboa kanda upya muda haukuwepo. Na Kambale hakutaka. Alirudi kwenye yale maagizo machache ya mwanzo, yale ya swichi, akaongeza moja: ukikuta matundu matano, usifanye kitu, soma inayofuata. Alilijaribu mara kadhaa likakaa sawa. Tulipopitisha kanda tena, ilikwenda kutoka kichwa hadi mkia bila kusita, teleprinta ikajipiga mara moja, ikaandika alama ndogo, ikangoja. Kambale aliandika herufi mbili. Ikajibu kwa majina ya mafaili yake yote. Mimi sikulia, lakini nilikwenda nje kuanika nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukauka.

Ijumaa afande alikuja asubuhi. Alikaa kwenye kiti changu, askari wakasimama mlangoni. Kambale alikuwa amekwisha kuingiza swichi, na kanda ilikuwa imefika katikati umeme ulipokatika.

Taa zote zilizimika, teleprinta ikanyamaza na kanda ikabaki inaning'inia.

"Imekufa?" afande aliuliza.

"Umeme, afande. Ukirudi tutaanza tena."

"Mwanzo kabisa?"

"Ikizimwa inasahau yote. Lazima ifundishwe upya."

Afande aliwasha sigara. Tulikaa. Masika alileta chai, na kikombe kiligongana na kisahani njia nzima. Sigara ya pili ilikuwa karibu kuisha umeme uliporudi, na Kambale akaanza swichi tena, nami nikamsomea kutoka kwenye karatasi, juu, chini, juu, ili asipotee. Kanda ikapita. Alama ikaandikwa.

Aliifanyisha hesabu. Afande alipiga jumla yake mwenyewe kwenye kiganja kwa kidole, ikalingana. Akakunja uso.

"Hii hata Mhindi alikuwa anafanya kwa kichwa. Nini ingine?"

Na hapo Kambale, badala ya kunyamaza, akawa fundi. "Inashika majina, afande. Sema majina, yoyote."

Afande alitaja askari wake: Sebi, Juma, Moses, Abdala, Bosco. Nikayapiga. Kambale aliandika amri, na teleprinta ikayarudisha yamepangwa, Abdala mbele, Sebi nyuma. Askari mlangoni akachungulia.

"Uliza kama Juma iko."

Ikaandika JUMA.

"Uliza Tomasi."

Ikaandika HAKUNA.

Afande alicheka kwa mara ya kwanza. Alimsukuma Kambale kando, akaketi yeye, akapiga kwa kidole kimoja kinene. Mashine haikumwuliza jina wala neno la siri. Ilimjibu upesi, kwa adabu, kama ilivyotujibu sisi.

"Inaweza kushika majina mangapi?"

Nilimkanyaga Kambale mguu. Alikuwa amechelewa kuusikia. "Mingi sana, afande. Kila kijiji na faili yake, na faili ndani ya faili."

Afande aliipapasa mashine kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Kule mpakani, Mpondwe, watu wanapita kila siku. Bwera, Wakongo wamejaa. Huyu nani, yule nani, anakaa kwa nani, karatasi zinapotea, mvua inanyesha. Hii haipotezi." Akatoa kitambulisho cha Kambale mfukoni, akamrudishia. "Jumatatu gari inakuja kuchukua mashine. Wewe utakaa nayo kambini. Na wewe mama utapiga majina."

Walipoondoka Kambale alikaa chini sakafuni. Kitambulisho kilikuwa mkononi mwake. Tulikuwa tumemwokoa, na tazama kwa kazi gani.

"Naweza kuiharibu kidogo," alisema. "Ikosekose majina."

"Na wakikushika?"

Nusu ya watu wa Bwera ni ndugu zetu, na nusu nyingine ni ndugu zao. Wengine walivuka na karatasi, wengi walivuka na watoto mgongoni tu. Mama mkwe mwenyewe hakuwa na karatasi ya nchi yoyote. Ningeketi kambini na vidole vyangu alivyovifunza Pinto, nikipiga jina lake kwenye faili la Bwera.

"Unavuka kesho," nilimwambia. "Kitambulisho unacho sasa. Mama atakwenda nawe, kama mtu na mwanawe wanaorudi sokoni."

"Na mashine?"

"Mashine ni nzito, itakupeleka pabaya."

"Basi kanda. Shemeji, ficha kanda. Mashine nyingine nitapata, lakini kanda iko mwili yangu. Miaka yangu yote njo ile." Machozi yalimtoka, mtu mzima. "Niahidi."

Nilimwambia ale chakula. Ahadi sikutoa.

Jumatatu gari lilikuja kweli. Afande aliuliza fundi yuko wapi, nikasema amevuka bila kuniaga. Akaniamuru niiwashe. Niliiwasha. Taa nyekundu ziliwaka, zikakaa zimewaka, basi.

"Iambie ipange majina."

"Afande, mimi ni mpiga teleksi tu. Ikizimwa inasahau. Uliona mwenyewe umeme ulipokatika."

Alikuwa ameona. Hilo lilimkera kuliko uongo wowote. "Kanda ile ya manjano iko wapi?"

"Ni ya fundi, afande. Hapa haiko."

Walipindua magodoro, wakamwaga unga, wakapasua mto, wakafunua kila sufuria. Alinipiga kofi moja ambalo sikio hili la kushoto bado linalikumbuka wakati wa baridi. Walibeba kisanduku na teleprinta na mimi. Nilikaa kambini mpaka meneja alipokuja kunidai, maana kahawa ilikuwa imelundikana na hakuna aliyejua kutuma teleksi. Muda si mrefu vita ikafika kwetu, afande na watu wake wakakimbia, na nilisikia kwamba kisanduku kilionekana kambini, mpishi amekikalia akimenya viazi.

Leo kompyuta zenu zinauliza neno la siri kila asubuhi, nanyi mnanung'unika kwamba ni usumbufu. Mimi sikuwahi kunung'unika. Nililipiga, polepole, na kusubiri inikubali.

Kambale yu hai, anafundisha Butembo. Tulikutana Bwera kwenye matanga ya mama mkwe. Tulipomaliza kulia na kula, alinivuta kando.

"Shemeji. Kanda?"

Nilimweleza Jumapili ile ya kabla ya gari kuja, kama ninavyowaeleza ninyi, wala sikuinamisha macho. Mama mkwe alirudi kutoka Bwera mchana, miguu imejaa vumbi, nusu kikapu cha maharagwe kichwani. "Amevuka," alisema. "Nilimubebesha maharagwe ili afanane na watu. Alimwaga nusu." Akaketi. Nikatoa kanda na lile bunda la karatasi chini ya kitanda, nikaviweka katikati ya jikoni. Masika aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mama, aliomba." Kwetu mke wa mtoto hamwamuru mama mkwe wake, hata akiona nyumba inaungua. Siku hiyo niliwaamuru wote wawili kwa sauti moja.

"Mama, washa jiko. Masika, viringua hiyo yote, uitie motoni kidogo kidogo pamoja na karatasi zake, usiache hata kipande cha kufungia mzigo. Ongezeni kuni, karatasi haiivishi maharagwe. Majivu mwageni chooni. Na mtu akiuliza tulikuwa tunafanya nini, tulikuwa tunapika."